Mwalimu wa Kemia na Shanga za Iodini

Akiwa ameshika chupa ya maabara, Mwalimu wa Kemia hakuitikia shikamoo. Wasichana wapya walidhani ana maringo, wakanung'unika bwenini. Waliomzoea walisalimia na kungoja. Akishaiweka chupa mezani na kuona imetulia, aligeuka akaitikia zote kwa mkupuo: "Marahaba. Marahaba. Na wewe wa nyuma, marahaba." Kisha akaendelea na somo kana kwamba hakuna kilichochelewa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule hiyohiyo ya wasichana, pale Tabora, miaka ile nchi ilipokuwa bado inazoea kuwa huru na kila shule ilitakiwa ilime inachokula. Nyumba zetu za walimu zilishikana ukuta. Kwa hiyo nilimjua kwa namna mbili: kazini nilimwona, nyumbani nilimsikia. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kwaya ilimwomba, kwa heshima zote, aipumzishe. Alivuta kiko. Kilikuwa kifupi na cheusi, kama cha bibi wa kijijini, na tumbaku yake aliinunua kwa wakulima ikiwa majani, akaianika mwenyewe juu ya paa la jiko. Mtu aliyewafukuza wasichana kwenye dirisha la maabara kila upepo ulipogeuza mvuke wa dawa, jioni alikaa kibarazani amezungukwa na moshi wake mwenyewe. Nilimwuliza kama haoni kwamba anajidhuru.

"Huu ninajua unatoka wapi," akasema.

Jibu halikuniridhisha. Nadhani na yeye halikumridhisha, maana aliingia ndani.

Nilimwita Dada, naye aliniita mdogo wangu, hata kwenye kikao cha walimu, hata mbele ya wakaguzi.

Alikuwa amesoma ng'ambo, katika nchi ambayo hakuitaja bila kujikunyata kidogo, hata tukiwa katika jua la Oktoba. Huko walimu wake walimpa kazi ya kushikiza iodini kwenye shanga za plastiki. Shanga zenyewe zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, rangi ya maziwa yaliyoungua. Alirudi nyumbani na koti zito ambalo halikuvaliwa tena na chupa moja ya shanga hizo, ambayo aliibeba mapajani njia nzima kutoka Dar es Salaam, treni ikiyumba, mtoto wa abiria mwenzake akimwuliza kama ni pipi.

Nitaeleza zilikuwa za nini kama alivyonieleza mimi, mtu wa fasihi. Iodini tuliijua sote; ndiyo dawa ile ya kahawia inayowasha ukipakwa kwenye kidonda. Akasema iodini ya kawaida hushikana na mwenzake mmoja, basi, inatulia. Lakini unaweza kuilazimisha ishikane na watatu. Mmoja ni ile plastiki, na wawili wengine hutokana na tindikali ya siki.

"Ni kama mwanamume mwenye mke mmoja akaongezewa wawili," aliwaambia darasa. "Hana raha. Anatafuta sababu ya kuwaacha wale wawili. Akikutana na kitu chenye elektroni, anazichukua, anawaacha wawili, anarudi kwa wa kwanza. Kile kilichonyang'anywa elektroni tunasema kimeoksidishwa."

Maneno hayo yalifika chumba cha walimu kabla yake. Mwalimu wa Historia, mzee wa mjini mwenye heshima zake na wake zake wawili, alimngoja mlangoni.

"Mwalimu, na huyo mke wa kwanza anakubali kurudiwa?"

"Hana pa kwenda, mzee wangu. Wameshikana kwa kaboni."

Mwalimu wa Historia alifikiri sana, kisha akasema hata kwake ndivyo ilivyo.

Uzuri wa shanga, alisema, ni kwamba haziyeyuki. Dawa nyingine za kuoksidisha zikimaliza kazi hubaki ndani ya maji, huzioni wala huwezi kuziokota. Shanga unazichuja. Zinabaki juu ya karatasi, unaziosha, unazipa tena nguvu, zinarudi kazini. Kwa shule isiyo na fedha, ambayo dawa zake za maabara ziliagizwa zikafika zikiwa si zile zilizoagizwa, hilo lilikuwa jambo la maana. Mkuu wa shule alilielewa jambo hilo kwa upande wa gharama tu. Mwalimu wa Kemia hakumsahihisha.

Somo lake la shanga lilijulikana shule nzima. Alikwenda mjini, mtaa wa Gongoni, kwa mpiga picha, akaomba kijiko cha ule unga mweupe wa kusafishia picha. Mpiga picha alimpa kwa sharti kwamba apigwe picha, naye akapigwa, amenuna, na ile picha ikatundikwa studio kwa miaka kama mfano wa kazi safi. Unga aliuyeyusha kwenye spiriti, ukawa maji matupu. Akatia shanga, akaichezesha chupa taratibu, na maji yakaanza kuwa manjano, kwanza kidogo kama chai ya mgonjwa, kisha manjano kabisa. Wasichana walishangilia. Yeye aliwaambia wasogee nyuma, kile kitu kinachoma pua. Kisha akachuja, akawaonyesha shanga zimekaa juu ya karatasi, zima zote.

"Zimefanya kazi na zimetoka," akasema. "Hazikuacha uchafu nyumbani kwa watu."

Kuzipa nguvu tena kulikuwa kazi ya hatari, na aliifanya peke yake, mlango umefungwa. Alichanganya tindikali kali ya siki na ile dawa ya hospitali inayotoa povu kwenye vidonda, na mchanganyiko huo ukipata joto unaweza kulipuka. Ulihitaji ubaridi, na Tabora barafu ilipatikana mahali pamoja tu pa uhakika, kwenye baa iliyo karibu na stesheni. Kwa hiyo mwanamke ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani alionekana akiingia baa mchana kweupe na chupa ya chai kwapani, akitoka ameikumbatia. Mkuu wa shule alimwita ofisini. Nilikuwepo, nikijaza kitabu cha mahudhurio.

"Mwalimu, watu wanakuona baa."

"Wananiona nikitoka, Mkuu. Wangekuwa ndani wangeniona nikinunua barafu."

Nisimfanye malaika. Alikuwa bahili wa karatasi za kuchujia kiasi cha kuzikausha kwenye kamba na kuzipiga pasi. Alikuwa hawezi kumsifu mtu. Msichana aliyepata alama za juu kuliko wote mkoani aliambiwa, "Sasa ujifunze kufunga kizibo." Chakula changu alikula bila kusema neno, na mimi nilikuwa napika vizuri. Lakini akichinja kuku, nusu ilipita ukutani kuja kwangu, na nikisema asante alijibu kwamba hana pa kuiweka.

Siku ile chupa ya shanga ilipovunjika, nilisikia kishindo nikiwa darasa la jirani. Nilikimbia. Msichana mmoja kutoka Kigwa, mpole, alikuwa amesimama katikati ya vioo, mikono kichwani, halii bado lakini amejiandaa. Shanga zilikuwa zimesambaa sakafuni pamoja na mchanga uliobebwa na viatu vya kidato kizima. Hizo ndizo zilikuwa shanga zote katika nchi hii, kwa kadiri tulivyojua.

"Umekatwa?" Mwalimu wa Kemia akauliza.

"Hapana, mwalimu."

"Onyesha miguu."

Alionyesha. Mwalimu akaitazama yote miwili, juu na chini. Kisha akatuma watu jikoni walete nyungo. Akaokota vioo mwenyewe, akazoa kilichobaki kwa unyoya wa kuku, akakaa chini kwenye saruji na gauni lake la kazi na kuanza kupeta. Mpaka siku hiyo wasichana walimwona kama mtu aliyeshuka na ndege tu. Sasa waliona mikono inayojua ungo, inavyourusha, inavyoutikisa, inavyopuliza pembeni kwa mdomo uliokunjwa, mchanga ukienda huku na shanga zikibaki kule. Wakakaa naye. Walipeta mpaka kengele ya chakula, na mmoja akaanzisha wimbo wa kutwanga, na mwalimu akaimba pia, na hakuna aliyemwambia aipumzishe sauti.

Yule wa Kigwa alipeta kuliko wote. Alipomaliza ndipo akalia.

Sasa nifike kwenye mchicha.

Nyuma ya maabara palikuwa na mfereji. Kabla ya shanga, na hata baada yake kwa majaribio yaliyotakiwa na mtihani, kuoksidisha kulifanywa kwa dikromati, dawa ya rangi ya chungwa, nzuri kwa macho na sumu. Kazi ikiisha ilimwagwa kwenye sinki, ikapita kwenye mfereji, ikaenda. Hakuna aliyeuliza inakwenda wapi. Kisha likaja agizo la kujitegemea, na shule ikatafuta mahali penye unyevu pa kulima mboga, na mahali penye unyevu palikuwa chini ya mfereji. Mchicha ulistawi, majani mapana, meusi kwa afya. Mkuu wa shule aliipenda bustani ile kuliko ofisi yake. Jioni alitembea kati ya matuta, mikono nyuma, akiinama hapa na pale kung'oa gugu.

Mwalimu wa Kemia aligundua siku ya mvua ya kwanza, alipoufuata mfereji kwa miguu akishika mwavuli. Aliona dimbwi lina umanjano. Alichukua maji, akayapima, akapima tena. Akaenda kwa Mkuu.

"Mkuu, mchicha ule usiliwe."

Mkuu alimwambia watazungumza wageni wakishaondoka. Ujumbe wa mkoa ulikuwa unakuja kuona shule inavyojitegemea, na bustani ndiyo ilikuwa fahari yetu. Alimwendea tena kesho yake. Mkuu akamwambia kwamba yeye mwenyewe anaula mchicha ule kila siku, na amwone alivyo. Alikuwa akisema kweli.

Jioni ile alikuja kwangu, hakukaa.

"Mdogo wangu, nilipofika hapa mimi pia nilimwaga. Mwaka mzima. Nilikuwa bado nazijaribu shanga zangu, nikamwaga, wala sikuuliza mfereji unaishia wapi."

"Hukujua, Dada."

"Kujua ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Wageni walikuja. Bwalo lilipambwa kwa majani ya mwembe na vitambaa vya wasichana wa ushonaji. Mgeni wa heshima alikuwa mzee mrefu, zamani mtu wa reli, mwenye tabia ya kutazama kila kitu kana kwamba kitachelewa. Ugali ulikuja, maharage yalikuja, na katikati likawekwa bakuli kubwa la mchicha uliopikwa kwa karanga. Mkuu alisimama akaeleza ulikotoka. Mgeni alinawa, akakata tonge, akanyoosha mkono.

Mwalimu wa Kemia aliinuka meza ya walimu, akaenda meza kuu, akalichukua bakuli mbele ya mkono wa mgeni, akalikumbatia kifuani. Nilisikia nzi.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," mgeni akasema, tonge bado mkononi. "Nani amekuruhusu kuondoa chakula?"

"Hakuna. Mboga hii imekunywa maji ya maabara. Ina sumu. Si ya kumwangusha mtu leo. Inakaa mwilini."

Mkuu alisimama. "Mgeni wetu," akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza ugonjwa katika ukoo, "mwalimu huyu ni msomi sana."

Mgeni hakumtazama. Alikuwa anatazama meza ndefu za wasichana. Kila meza ilikuwa na bakuli lake.

"Na hawa wamekuwa wakila?"

"Wamekuwa wakila," akasema Mwalimu wa Kemia.

Mzee yule aliliweka tonge chini. Akasimama, akaomba aonyeshwe mfereji. Msafara mzima ukatoka bwaloni, wajumbe, walimu, viranja, na Mwalimu wa Kemia akiwa mbele na bakuli lake, maana hakuona pa kuliweka. Mgeni aliutazama mfereji, akalitazama dimbwi, akaitazama bustani. Akaingia maabara, akauliza sasa wasichana watasomaje. Akaonyeshwa shanga. Akazigeuzageuza ndani ya chupa.

"Zikichoka?"

"Zinapewa dawa, zinarudi kazini."

"Wafanyakazi wangu wangekuwa hivi," akasema mzee wa reli, akairudisha chupa kwa uangalifu. Kisha akamwambia Mkuu kwamba bustani iondoke leo, na mfereji uchimbiwe shimo lake mbali na visima. Hakukuwa na hotuba. Waliondoka na njaa, na tuzo ya mkoa ikaenda shule nyingine.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi nilikuwepo. Wasichana walikula maharage matupu miezi mingi na wakamchukia kwa kila kijiko. Wazazi waliokuja kuuliza hawakupata jibu la kueleweka, kwa sababu hakuna aliyekuwa nalo. Hospitali ilisema walete mgonjwa, na mgonjwa wa kuonyeshwa hakuwepo. Mwalimu wa Kemia alianza kutazama mikono ya wasichana kila asubuhi kwenye paredi, mistari yote, akitafuta vidonda vya sumu ile, ambavyo hakuviona. Aliwatazama hivyo mpaka kidato kile kilipomaliza shule. Nyimbo za upande wa pili wa ukuta zilikoma kwa muda mrefu.

Mtihani wa taifa ulipotaka dikromati, aliwapa. Nilishangaa. Akasema mtihani hawezi kuukataa, uchafu wake anaweza. Alikusanya yote kwenye ndoo, akatia vipande vya chuma mpaka rangi ya chungwa ikawa kijani, akatia chokaa, akaifukia ndani ya saruji. Wasichana walifaulu. Aliwaambia wajifunze kufunga vizibo.

Na Mkuu hakusema naye tena. Kikaoni alinigeukia mimi: "Mwalimu wa Kiswahili, mwambie mwalimu wa Kemia orodha ya vifaa inatakiwa Ijumaa." Yeye alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. "Mdogo wangu, mwambie Mkuu nimesikia." Nami nikasema, "Mkuu, amesikia." Mimi niliyefundisha viunganishi, nikawa kimoja. Tulikwenda hivyo zaidi ya mwaka, na jambo la ajabu ni kwamba kazi ilikwenda.

Mkuu alipohamishwa tulimfanyia karamu ndogo. Kila mwalimu alisema neno. Zamu ya Mwalimu wa Kemia ilipofika, nilitaka kutoka nje.

"Siku ile ya mchicha," akasema, "watu walikwenda kumsindikiza mgeni. Mkuu alivua koti, akang'oa bustani yote kwa mikono yake. Alikuwa anaipenda. Nilimwona kupitia dirisha la maabara. Nilitaka lijulikane." Akakaa.

Mkuu, bila kupitia kwangu, akasema, "Asante, mwalimu."

"Karibu," akasema.

Mwalimu wa Kemia naye akahamishwa baadaye, kisha mimi. Shanga aliziacha shuleni. Kijana aliyempokea kazi aliziweka rafu ya juu na kubandika karatasi ya "Usiguse", na kwa kadiri ninavyojua karatasi hiyo iliheshimiwa.

Tulionana mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, sabuni imekuwa habari na sukari imekuwa uvumi. Nilikuwa natoka Mwanza kwa treni, na injini ikagoma Bukene. Nikachungulia dirishani, nikaona mwanamke mzee, kitenge kikuukuu, anatembea kutoka behewa hadi behewa akisema jambo na abiria. Niliijua ile shingo kabla ya uso. Niliteremka.

"Shikamoo, Dada!"

"Marahaba. Umenenepa," akasema, akanishika mikono yote miwili asiiachie.

Alikuwa amestaafu, analima karanga. Alikuja stesheni kila treni ya mchana ilipopita, kuwaomba abiria magazeti waliyomaliza kusoma. Tulikaa juu ya mataruma ya reli yaliyorundikwa, akafungua kitambaa, tukala viazi vikavu. Aliniuliza ninafundisha nini siku hizi, na nilipomwambia akaniuliza kama wanafunzi wanaelewa au wanakubali tu. Nikamwuliza kama aliwahi kusikia tena habari za iodini yake.

"Mwenzangu tuliyesoma naye alinitumia jarida, nikiwa bado kazini. Wameiendeleza sana huko. Inafanya mambo ambayo sisi tulikuwa tunayaota. Kuna watu wanaitwa mabingwa wake."

"Na wewe umetajwa?"

"Hapana."

"Hata ile kazi ya mwanzo?"

"Hata hiyo."

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua nilikuwa nayo. Nilimwambia angeandika, angedai haki yake, mimi ningemsaidia kuandika.

"Nidai nini? Nilisoma yote. Hawakukosea."

"Lakini uliumia, Dada."

Alitafuna, akameza. "Niliumia Jumanne. Jumatano nilikuwa na vipindi."

Honi ya treni ikalia bila onyo lolote, na watu wakaanza kukimbia. Alinisukuma mgongoni nipande. Nilimwahidi nitarudi Bukene kumtembelea, na yeye, ambaye hakuwahi kukubali kitu kisichopimwa, alisema tutaona. Nilipofika dirishani tayari alikuwa kwenye behewa linalofuata, akimwinulia uso kijana mmoja aliyeshika gazeti.

"Mwanangu, hilo umemaliza?"

Kijana hakusikia. Treni ikaanza kusogea. Mwalimu wa Kemia akakusanya kitenge kwa mkono mmoja na kukimbia, mzee yule, akikimbia kandokando ya behewa na mkono juu, na kijana akashtuka, akalitoa gazeti nje ya dirisha, naye akalidaka. Nilitoa kichwa nimpungie. Alikuwa ameshatupa mgongo, amelifungua, anasoma, na mabehewa ya nyuma yalikuwa bado yanampita.